Kofia ya Ufaransa

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya treni, mwanamume mmoja alikuwa amepakata kofia nyekundu ya mtoto, iliyotariziwa mnara wa Paris. Mama aliyekaa naye aliichukua, akaigeuza, akacheka. "Kaka, hii nimeishona mimi, kiwandani kwetu. Mshono wangu haunipotei."

Mwanamume alimsihi ashushe sauti. Binti yake ana miaka saba, alisema, na kwa miaka mitatu ameambiwa baba yuko kazini Ufaransa.

"Kumbe ulikuwa wapi?"

"Jela, dada. Nimetoka leo asubuhi. Kofia nimeinunua hapo stesheni."

Yule fundi hakuhama kiti. Mimi, nakiri, ningehama.

"Mwambie ukweli," alisema. "Njia ya mwongo ni fupi."

"Ukweli utamsaidia nini? Shuleni anaringa kwamba baba yake yuko Ulaya. Nimnyang'anye hata hilo?"

"Wenzake watamnyang'anya, tena kwa kumcheka. Afadhali wewe."

Mwanamume akaomba mkasi akate lebo ya ndani yenye jina la kiwanda cha hapa hapa nchini.

"Mkasi ninao," fundi alisema, akiubana mkoba wake kwapani, "lakini kwa kazi hiyo siutoi."

Treni iliposimama, mwanamume aliing'oa lebo kwa meno, akashuka. Pale nje binti yake alichomoka mkononi mwa bibi yake, akamrukia shingoni. "Baba! Nisemeshe Kifaransa!"

Fundi aliinamisha uso. Mimi niliutazama mdomo wa yule baba, ukiwa wazi, mpaka milango ilipofungwa.