Mama Kavutha na Vikombe vya Abiria Waliolala

Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Wanza Munyoki, ambaye karibu sote tunamwita Mama Kavutha, anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika ukumbi wetu wa mapumziko ya abiria pale uwanja wa ndege. Wenzetu walioajiriwa karibuni huenda hawajui kwamba tarehe hii nusura isifike. Mwaka 2019 alikaribia kufutwa kazi na kupoteza jina lake jema mtaani kwetu Mowlem, vyote kwa sababu ya tone la rangi ya kucha.

Alianza kazi Februari 1998. Kabla ya hapo alikuwa akiuza vyombo vya jikoni Majengo pamoja na mama yake. Aliwekwa jikoni kuosha vikombe, wakati mvua ilikuwa nyingi na ndege zikichelewa kila siku. Baada ya muda akatolewa jikoni akaletwa mbele. Sababu ni kwamba abiria walikuwa wakimfuata kwenye sinki kumuuliza habari za ndege zao. Sisi wengine tulikuwa tukiwaambia "dakika chache tu, bwana," tena na tena, mpaka dakika zenyewe zikaona haya. Yeye alisema, "Sijui, baba. Nikijua, utajua. Kwa sasa kunywa chai." Watu walimwamini kwa sababu hakuwadanganya.

Kwa wageni ambao hawajawahi kuingia mle ndani, kwa kawaida ukumbi ni wa wenye kadi maalumu, lakini ndege ikichelewa sana, mashirika huwaleta pia abiria wa kawaida wapumzike. Viti ni laini na hakuna kipaza sauti, kwani ukimya ndio wanaoulipia. Basi abiria wa Mombasa, wa Kisumu na wa Eldoret husinzia mchanganyiko, na ndege ya mmoja wao ikiitwa, ni lazima mhudumu aende kumwamsha huyo na kuwaacha wengine.

Hapo ndipo Mama Kavutha alipoleta ujuzi wa mtaani. Kila mwanamke wa Eastlands, mitaa yetu ya mashariki mwa Nairobi, aliyewahi kupeleka vyombo kwenye matanga au harusi ya jirani anajua kwamba unapaka tone la rangi ya kucha chini ya kikombe, ili chako kirudi kwako. Unapaka chini, si ubavuni, ili mgeni asinywe chai akijihisi anahesabiwa. Yeye alipaka vikombe vya ukumbi vivyo hivyo: nyekundu kwa wa Mombasa, waridi kwa wa Kisumu, zambarau kwa wa Eldoret. Ndege ikiitwa, alipita polepole kati ya viti, akainua kikombe, akachungulia kitako chake, kisha akagonga mkono wa kiti. Hakumgusa mtu. Alitufundisha kwamba anayeamshwa kwa kuguswa huamka na ngumi.

Utaratibu huo ulimwangusha mara moja. Wazee wawili walibadilishana vikombe kwa sababu kimoja kilikuwa na sukari nyingi. Mmoja wao, Mzee Mulama, akaongozwa kwa heshima hadi karibu na lango la Mombasa, macho nusu yamefumba. Huko akazinduka. "Mama, unanipeleka wapi? Mimi nimekuambia nataka kuogelea?" Alikuwa anaenda Kisumu. Tangu siku hiyo, kabla ya kumsindikiza mtu yeyote, Mama Kavutha huuliza kwanza, "Kwenu ni wapi leo?"

Sasa tuje kwenye Alhamisi ya tarehe 11 Julai 2019. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito na hakuna ndege iliyoondoka. Ukumbi ulijaa. Kati ya abiria alikuwamo Mchungaji Laban wa Umoja, aliyekuwa akielekea Mombasa kwenye mkutano wa injili. Alimaliza chai, akageuza kikombe kutazama kimetengenezwa wapi, akakuta tone jekundu. Akachungulia cha jirani yake aliyelala, akakuta waridi. Wakati huo ndege ya kwanza, ya Eldoret, ilikuwa imeitwa hatimaye, na alipoinua macho akamwona Mama Kavutha anapita kati ya watu waliolala, anainua kikombe kimoja kimoja, anachungulia na kukirudisha.

Mchungaji akasimama. "Mama! Hii alama nyekundu ni ya nini?"

"Ni ya Mombasa, Mchungaji," akajibu kwa upole, akidhani anasaidia.

"Mmesikia? Uchawi wa Mombasa, na hata hafichi! Ushindwe!"

Waliokuwa wamelala wote wakaamka, wa Mombasa, wa Kisumu na wa Eldoret kwa pamoja. Ni siku pekee ambayo ukumbi uliamka bila kugongwa kiti. Mama Kavutha alijaribu kueleza, lakini mama mmoja alikuwa ameshaanza kukemea pepo kwa sauti, na bwana mmoja alikuwa akitafuta mahali pa kumwaga chai yake.

Mchungaji aliandika malalamiko kwa kampuni. Kisha akarekodi ujumbe wa sauti kuwaonya waumini kuhusu vikombe vyenye alama za giza. Umoja na Mowlem ni jirani. Ujumbe ulifika kabla ya Jumapili. Siku hiyo baada ya ibada, Mama Kavutha alipeleka thamosi yake kwenye mkutano wa akina mama kama kawaida. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia vizuri, wakasema wameshashiba. Chai yake ilirudi nyumbani kama ilivyotoka. Mwanawe Kavutha anasema hiyo ndiyo siku pekee aliyomwona mama yake akikaa na kanga ya kanisani mpaka giza, bila kuwasha jiko.

Jumanne tarehe 16 aliitwa kujieleza kwa meneja wetu, Bw. Mureithi, ambaye wakati huo alikuwa mgeni kazini. Kupaka rangi vyombo vya kampuni na kuwatia wateja hofu ni makosa mawili, na lolote kati ya hayo lilitosha kumfuta mtu. Mama Kavutha alieleza utaratibu wake bila kulia wala kuomba. Bw. Mureithi, aliyekulia Makadara, Eastlands hiyo hiyo, aligeuza kikombe mezani na kukitazama kwa muda. Halafu akampigia simu Mchungaji, akaweka sauti juu ili sote tuliokuwa chumbani tusikie.

"Mchungaji, bado unasimama na malalamiko yako?"

"Nasimama nayo! Katika nyumba ya mcha Mungu huwezi kukuta kitu kama hicho."

Nyuma yake ikasikika sauti ya mke wake. "Baba Ryan, ni kitu gani hicho?"

"Rangi ya kucha. Chini ya vikombe."

"Sasa na zetu je?"

"Zetu zipi?"

"Wewe tangu tuoane hujaosha hata kijiko, utajulia wapi? Hebu geuza hicho unachokunywea."

Tulisikia chai ikimwagika mahali, na mtu akisema "woi".

"Ni rangi gani, Mchungaji?" Bw. Mureithi akauliza.

"Ya chungwa," Mchungaji akajibu. Sauti ya mimbari ilikuwa imekwisha. "Bwana meneja, huyo mama anaabudu wapi? Nitaenda mwenyewe."

Bw. Mureithi alifunga faili siku hiyo hiyo. Hakumpa onyo. Alimwambia tu aandike ukutani kule jikoni kila rangi ni ya ndege ya wapi, ili sisi wengine tuache kumkimbilia kila ndege ikiitwa. Lakini Mama Kavutha alitoka mle ofisini bado ameinamisha kichwa, maana kazi ilikuwa imepona na jina lilikuwa bado.

Jumapili tarehe 21 Julai, Mchungaji Laban alifika kanisani kwetu Mowlem pamoja na mkewe. Aliomba nafasi, akasema mbele ya watu wote kwamba alimsema vibaya mama wa watu kwa jambo lililokuwa jikoni kwake mwenyewe. Baada ya ibada akaenda moja kwa moja kwenye meza ya akina mama, akaomba chai ya Mama Kavutha. Kabla ya kunywa aliinua kikombe na kuchungulia chini, na kanisa zima likacheka. Alikunywa viwili. Akina mama wakapanga foleni, na thamosi ikaisha kabla ya waliokuwa nyuma kufikiwa. Wakamwambia Jumapili ijayo alete mbili. Ndipo alipocheka yeye pia.

Tangu hapo ametumikia miaka sita mingine, amefundisha wahudumu ambao leo ni wasimamizi, na kila ukungu wa Julai abiria wa zamani huingia wakiuliza, "Yule mama wa chai yuko?" Kuanzia Jumatatu tutalazimika kuwaambia hayuko, na hilo hatujalizoea.

Mchungaji Laban ndiye atakayefungua sherehe ya leo kwa maombi. Ameomba dakika tano. Wanaomjua waombe amalize kwa kumi.

Mama Kavutha, asante kwa kutuambia "sijui" pale ambapo hukujua, na kwa kila mtu aliyefika kwao kwa sababu ulimwamsha. Mungu akupe afya, na nyumba yako isikose wageni. Kuanzia kesho wewe lala mpaka usingizi uishe wenyewe. Sisi tutaamka kwa niaba yako.

Nafula Opicho, Mapokezi
Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa ukumbi