Mama Loweka Anaagana na Chumba cha Vidonda

Tarehe thelathini mwezi huu, muuguzi kiongozi wa chumba cha vidonda anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na minne. Wagonjwa wengi hawalijui jina lililo kwenye kitambulisho chake. Kwao yeye ni Mama Loweka, kwa sababu hakuna bandeji iliyowahi kubanduliwa ikiwa kavu mbele ya macho yake. Daktari bingwa mmoja alijaribu. Aliambiwa, wanafunzi wake wakisikia, aanze kwa kuvuta sharubu zake mwenyewe. Akaloweka.

Alianza na beseni mbili, mkasi na maji ya chumvi, akisafisha vidonda ambavyo wengine tulivipita tukiziba pua. Alivuta kigoda, akakaa usawa wa mguu wa mgonjwa, akauliza habari za nyumbani huku mikono ikifanya kazi. Magoti yanayomsumbua leo ni zawadi ya kigoda kile.

Miaka kumi na miwili iliyopita tulianza kutibu vidonda sugu kwa ngozi ya marehemu, iliyotolewa kwa ridhaa ya familia zao na kuhifadhiwa kwenye baridi kali. Mama Loweka alipiga marufuku kuiita kipande. Aliiita amana. Kabla ya kufungua pakiti alisimama kimya kidogo, nasi tukasimama, hata siku ambazo foleni ilifika getini.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Fundi cherehani mmoja alikuwa na kidonda juu ya kifundo kwa miaka tisa, kwenye mguu ule ule wa kukanyagia cherehani. Mguu ulikuwa umeshapangiwa kukatwa tulipomwekea amana, kama jaribio la mwisho. Wiki ya tatu, Mama Loweka akiwa likizo, nilifungua bandeji nikaikuta ngozi ile imekuwa nyeusi na inabanduka. Nilimwambia fundi kwamba mwili umeikataa, nikamwandikia karatasi ya kurudi kwa wapasuaji. Aliteremsha mguu wa suruali yake polepole, akaniuliza kama siku hizi kuna cherehani ya mguu mmoja.

Kesho yake Mama Loweka alirudi, akaiona karatasi yangu kwenye faili, akampigia fundi simu arudi. Aliiloweka ngozi ile robo saa nzima, kisha akainyanyua kwa koleo ndogo. Chini yake nyama ilikuwa nyekundu na safi, na pembeni ngozi ya fundi mwenyewe ilikuwa imeanza kutambaa kuingia ndani. Nilitamani ardhi inimeze. Hakunigombeza. Alinieleza tu kwamba amana haiji kukaa. Inakuja kuiamsha ngozi ya mwenyewe, na ikibanduka, imemaliza kazi. Karatasi yangu aliichana. Baada ya miezi minne kidonda kilifunga.

Gauni atakalovaa siku ya kuagwa limeshonwa na fundi yule, kwa miguu yake yote miwili.

Mama, tumekuwa tukijificha stoo kulia kwa zamu, na unajua. Asante kwa kukaa nasi mpaka tukaamka. Nenda salama, magoti yapumzike, siku zako zijae heri. Huku tutaloweka kwanza.