Ng'ombe wa Yoramu Chidosa Walioko kwa Watu

Ndugu wa ukoo, majirani na wenzake wa kazini mliofika hapa Nzuguni kumsindikiza Yoramu Chidosa, familia imeniomba mimi mdogo wake, Yotham, niwasomee maisha ya kaka yangu kama mkewe Zipora alivyoyaeleza.

Marehemu alizaliwa Chamwino mwaka 1869, mtoto wa pili wa mzee Chidosa, mfugaji mwenye zizi kubwa, na mwaka 1891 sotoka ilipoingia nchini ng'ombe wote wa zizi lile walikufa, Yoramu akawa miongoni mwa vijana waliowachuna, na tangu hapo hakuamini tena mali inayolala mahali pamoja.

Kusoma alianza akiwa mtu mzima, mwaka 1904, katika darasa la misheni Kongwa, akabatizwa tarehe 25 Desemba 1905, na kuanzia Machi 1908 hadi Oktoba 1910 alikuwa mnyapara wa vibarua waliojenga tuta la reli, kazi aliyoifanya bila kumpiga mtu, na mshahara wake aliugeuza ndama.

Alimwoa Zipora mwaka 1898, wakajaliwa watoto watatu, Matonya aliyezaliwa 1899, Ruthu 1903 na Priska 1908.

Ndama wale hakuwafuga nyumbani, aliwaweka kwa watu kama wengi wetu tunavyofanya, huyu wawili, yule watatu, mfugaji anakunywa maziwa na mwenye mali anabaki na mali yake, ili ugonjwa ukiingia au askari wa boma wakija kutoza faini wasimmalize kwa siku moja, na kila alipoweka ng'ombe alikwenda na shahidi mmoja tu, rafiki yake Sila, basi. Zipora alipomuuliza wako wapi, alicheka, "Mama Matonya, umeshaanza kunizika? Usichokijua, askari hawezi kukitoa kinywani mwako." Sila alipokufa kwa ndui mwaka jana, Zipora aliuliza tena, safari hii bila utani, na mumewe akasema atamtafuta shahidi mwingine mavuno yakiisha, akamtuma akalete maji.

Tarehe 27 Februari mwaka huu wa 1913, akifunga lango la zizi la mbuzi, alianguka, upande wa kulia ukapooza na ulimi ukafunga. Alikuwa anasikia kila kitu. Zipora alikaa kando yake akimtajia vijiji kimoja kimoja, alipotaja Kongwa marehemu alitikisa kichwa kukubali, Zipora akamshukuru Mungu, alipotaja Chamwino akakubali, alipotaja Mvumi akakubali, kisha akamtajia Bagamoyo, ambako hakuwahi kufika, na huko pia alikubali, machozi yakimtoka, na Zipora akaacha kuuliza.

Matonya alikwenda Kongwa na kweli aliona zizini kwa mtu ng'ombe waliokatwa masikio kwa alama ya baba yake, lakini mwenye zizi alimwambia, "Hawa baba yako aliniuzia, mwanangu. Unabisha? Basi mwambie yeye mwenyewe aje aseme," ilhali habari za ulimi wa mzee zilikuwa zimeshafika huko, na jumbe wa kijiji kile alipoombwa kuamua alijibu kwamba bila shahidi hana kesi ya kusikiliza. Kijana alirudi kwa miguu, akamweleza mama yake nje ya nyumba kwa sauti ya chini, lakini kuta zetu ni za miti na udongo, na walipoingia walimkuta marehemu ameugeukia ukuta.

Alifariki alfajiri ya tarehe 14 Machi 1913, mkewe na watoto wakiwa naye.

Mtama wa mwaka huu umekauka kabla ya kubeba, mnajua wenyewe, na ng'ombe hao ndio waliokuwa wabadilishwe kwa chakula cha nyumba hii, na wazee wa ukoo walioketi jana kugawa urithi waligawa mbuzi, jembe na mkuki, wakanyanyuka. Zipora hamlaumu mumewe mbele ya kaburi, anasema tu kwamba mwenye ng'ombe kwa watu na amwonyeshe mkewe na mwanawe mazizi hayo akiwa bado anatembea, maana askari aliyeogopwa hakuja, na waliochukua si askari.

Familia inamshukuru mganga wa misheni aliyekuja mara mbili bila kuitwa, majirani walioleta maji na kuni, na wenzake wa reli waliochimba kaburi kwenye udongo huu mgumu. Inawashukuru pia wote wanaomtunzia marehemu ng'ombe wake, ambao majina yao hatuyajui, na baadhi yao, kwa kuwa alikuwa rafiki yao, bila shaka wamesimama hapa pamoja nasi. Nyumba mnaijua, na Zipora hatahama.

Pumzika, Yoramu, ulitaka kusema na tuliona.