Tarehe Iliyobaki Ubaoni

Ndugu, jamaa na majirani, kabla hatujashuka makaburini, hebu fumbeni macho kidogo mkione chumba ambacho wengi wenu mlikaa ndani yake mkiwa watoto: madirisha matatu yanayotazama barabara, jiko la chuma pembeni, madawati manane yenye matundu ya wino yaliyokauka zamani, na ubao mweusi ambao juu, upande wa kushoto, umeandikwa tarehe kwa chaki. Shikeni picha hiyo, tutairudia, kwa kuwa maisha ya marehemu yalianzia kwenye chumba hicho na huko ndiko yalikorejea.

Marehemu Anselme Lavaurie alizaliwa tarehe 3 Novemba 1934 hapa Sarzolles, mtoto wa kwanza wa mwashi Eugène Lavaurie na mkewe Clémence, mfugaji wa ng'ombe sita. Mtoto wa pili, aliyezaliwa miaka minne baadaye, ni Solange, ambaye ndiye aliyeiandika historia hii na ndiye anayewasomea. Baba yao, kama waashi wote wa mkoa wetu wa Creuse, aliondoka kila mwezi Machi kwenda kujenga Paris na kurudi majani yakishapukutika, kwa hiyo watoto wake walimjua zaidi kama mtu wa majira ya baridi.

Anselme alianza shule kijijini hapa tarehe 1 Oktoba 1940, na kwa kuwa alikuwa mrefu kuliko wenzake, mwalimu alimpa kazi ya kuandika tarehe ubaoni kila asubuhi, kazi aliyoifanya kwa miaka sita bila kukosa hata siku moja, isipokuwa Alhamisi, ambayo enzi hizo ilikuwa siku ya mapumziko kwa watoto wote wa Ufaransa. Solange alipoanza shule, kaka yake alimshika mkono akamfundisha kuandika tarakimu 8 bila kuinua chaki.

Mwaka 1946 Anselme alikwenda kusoma mjini Guéret. Tarehe 9 Aprili 1950 jukwaa la waashi lilianguka Paris na kumuua baba, na walioleta sanduku lake la zana nyumbani hawakuwa matajiri wake, walikuwa waashi wenzake wawili wa chama cha wafanyakazi, waliosafiri kwa treni usiku kucha wakiwa wamelipakata kwa zamu. Anselme, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, aliwapokea mlangoni, na watu walipomuuliza baadaye alipata wapi usoshalisti wake, alijibu kwamba uliletwa nyumbani kwa treni.

Alisoma historia Poitiers hadi mwaka 1957, akapelekwa jeshini Algeria kwa miezi ishirini na saba, ambayo hakupenda kuizungumzia nasi hatukumlazimisha, na Septemba 1960 akaanza kufundisha Aubusson. Huko alikutana na muuguzi Maryvonne Kerbiriou, wakafunga ndoa tarehe 21 Julai 1962, na tarehe 2 Februari 1965 wakajaliwa binti yao wa pekee, Hélène, aliyeketi hapa mbele.

Machi 1965 alichaguliwa kuwa meya wetu, na mwaka 1973 akagombea ubunge. Duru ya kwanza, mzee Fernand Chabrely, aliyekuwa mtumishi wa posta na mgombea wa Wakomunisti, alipitwa naye kwa kura arobaini na moja, na kwa desturi ya watu wa mrengo wa kushoto, anayepitwa hujitoa na kumpigia debe aliyempita. Fernand alizunguka na baiskeli yake nyumba kwa nyumba kumwombea kura mtu aliyemshinda, na jioni ya ushindi, tarehe 11 Machi, alimwambia mbele ya watu, "Nimekupa kura zangu, Anselme, moyo wangu ninabaki nao. Ukiharibu, nitakuja kuzidai."

Hakuharibu kwa miaka mingi. Alikuwa mbunge, akawa waziri wa kazi, na alipogombea urais wa Jamhuri, mkutano wake wa mwisho aliufanyia hapa, kwenye ngazi za shule, Solange, mwalimu wa shule hiyo, na wanafunzi wake wakiwa nyuma yake, akatamka maneno ambayo magazeti yaliyachapa kesho yake: "Nikiwa hai, hakuna mlango wa shule utakaofungwa kwa sababu ya hesabu." Jumapili moja ya Mei, akiwa na umri wa miaka sitini, alichaguliwa, na Sarzolles haikulala.

Ikulu ilimchosha mapema. Tarehe 19 Januari 1996 mkewe alifariki kwa ugonjwa wa figo, na siku ya tatu baada ya mazishi alikuwa ameshakaa kwenye kikao cha mawaziri, jambo ambalo wengine waliliita ushujaa, na mdogo wake aliliita kosa. Tarehe 12 Februari 1998 alitia sahihi amri ya kufunga shule zote za vijijini zenye wanafunzi wasiozidi wanane. Orodha ilikuwa na shule mia mbili na kumi na nne, na Sarzolles ilikuwamo, na watoto wake wanane. Mkuu wa mkoa alimpigia simu akapendekeza jina la Sarzolles lisahauliwe kimyakimya, naye akakataa.

Solange alikuwa amefundisha katika chumba kile kwa miaka thelathini na mmoja. Tarehe 1 Julai 1998 alifuta ubao, akafunga mlango, akatia ufunguo kwenye bahasha bila barua, akaupeleka posta kwa anwani ya Ikulu. Tangu siku hiyo hakusema na kaka yake neno, na sauti yake iliposikika redioni aliizima.

Miaka saba ya urais ilipokwisha Anselme aligombea tena, akashindwa, na Mei 2002 akarudi Sarzolles akiendesha gari mwenyewe, na masanduku mawili, na ule ufunguo mfukoni. Aligonga kwa dada yake mara tatu katika wiki ya kwanza, na mara tatu mlango haukufunguliwa. Ndipo akamwendea Fernand, aliyekuwa meya wakati huo, kuomba ruhusa ya kukaa shuleni asubuhi, na Fernand akamjibu, "Kaa. Wewe si ndiye uliyeifanya iwe na nafasi?"

Kuanzia Septemba hiyo aliwasha jiko kila asubuhi, akaandika tarehe ubaoni kama zamani, akaketi kwenye dawati la mbele kujibu kwa mkono barua za watu wa vijiji mia mbili na kumi na vinne, wengi wao wakimtukana, naye hakumjibu hata mmoja kwa matusi. Solange aliyajua hayo, maana kijiji hakina siri, ila alikuwa akienda kununua mkate kwa njia ya chini ili asipite shuleni.

Alhamisi tarehe 14 Oktoba 2004 njia ya chini ilizibwa na magogo ya misonobari, akalazimika kupita juu. Shule ilikuwa imefungwa, akachungulia dirishani, akaona ubaoni: Jumatano, tarehe 13 Oktoba 2004. Mwalimu aliyezoea ubao hawezi kuiacha tarehe ya jana na kuendelea na safari yake, na ufunguo hakuwa nao. Akaenda hadi kwa kaka yake, mkate ukiwa kwapani, na hii ndiyo ilikuwa kauli yake ya kwanza baada ya miaka sita na miezi mitatu.

"Nipe ufunguo. Ubao wako unasema Jumatano, na leo Alhamisi."

"Alhamisi si hakuna shule, Solange."

"Hakukuwa na shule ulipokuwa unavaa kaptula. Tangu mwaka 1972 siku ya mapumziko ni Jumatano. Hilo nalo hukuambiwa Ikulu?"

Marehemu akatoa ufunguo mfukoni. "Basi miaka miwili nimekuwa nikienda shule siku ya mapumziko, na siku ya shule natoroka."

"Ndiyo maana walikupa likizo ya kudumu."

Walikwenda wote wawili. Solange alifuta ubao akaandika Alhamisi, kisha, bila kugeuka, akamuuliza swali alilokuwa amelibeba muda wote huo. Marehemu akaanza kueleza kwamba asingeweza kufunga shule za watu na kuiacha ya dada yake. "Hilo nalielewa, na kwa hilo nilikuheshimu," Solange akasema. "Nakuuliza kwa nini ulitia sahihi."

Marehemu akaketi kwenye dawati la mbele.

"Nilichoka, mdogo wangu. Maryvonne alikuwa amekufa, karatasi zilikuwa nyingi, wakaniambia hakuna njia nyingine, na mimi sikuwa na nguvu za kuuliza mara ya pili. Nilisoma jina la Sarzolles, nikatia sahihi, nikaenda kulala."

"Ungesema hivyo mapema," akamwambia, "ningekufungulia mlango. Njoo ule, supu ipo."

Shule haikufunguliwa tena, na hatutawadanganya leo. Lakini kuanzia siku ile walikwenda wawili, yeye akijibu barua na dada yake akizisahihisha, na Alhamisi hakutoroka tena.

Masika ya mwaka 2010 madaktari waligundua kwamba marehemu ana kansa ya kongosho. Alhamisi tarehe 4 Novemba 2010, siku moja baada ya kutimiza miaka sabini na sita, watoto wa nchi nzima wakirudi shuleni baada ya mapumziko ya Watakatifu Wote, alikwenda, akaandika tarehe, akashindwa kusimama, na Solange na Hélène wakampeleka hospitali. Alirudishwa nyumbani Februari kwa ombi lake, na Jumamosi tarehe 12 Machi 2011, saa kumi na moja alfajiri, alifariki, akiwa ameacha maandishi kwamba asipelekwe Paris.

Familia inamshukuru Daktari Vialatoux, aliyepanda kilima hiki kwenye theluji bila kuitwa mara mbili. Wauguzi waliomgeuza kwa upole. Majirani kwa kuni na kwa supu. Mzee Fernand, aliyekuja kila Jumapili kudai kura zake na kuondoka bila kuzipata. Na wenzake wa chama waliotoka Paris leo kwa viatu visivyojua tope letu.

Pumzika kwa amani, Anselme, uchovu umekwisha. Nanyi mtakaopita shuleni mkitoka makaburini, mlango uko wazi, ingieni mpate joto. Ubaoni mtakuta bado ni Alhamisi, tarehe 4 Novemba 2010, na ile 8 ya bila kuinua chaki haimo katika tarehe hiyo, lakini mkono wake mtautambua. Mwalimu wenu, ambaye hajawahi kuvumilia tarehe iliyopita, ameshindwa kuigusa hii. Anawaomba mkumbuke jambo moja tu: msiifute.