Nyonyo kwa Breki za Bwanali

Sogeeni karibu, Basil na wewe Cecilia, mkae hapa ukingoni mwa kitanda, maana sauti yangu imeanza kuchoka na maneno yangu bado hayajaisha. Asubuhi Padre alipokuja kunipaka mafuta nilimuuliza ni mafuta gani, akacheka, akasema ya mzeituni. Nikamwambia vema, kwa ngozi yanafaa. Msilie. Mimi Cyril, baba yenu, naondoka nimeshinda, na nataka mjue nilishindaje, msije mkauharibu ushindi wangu kwa kugombana.

Nyumba hii ya Mkomaindo ni yenu nyote wawili, na mikorosho aliyoipanda marehemu mama yenu msiikate. Neno langu kubwa ni la lori. Basil, nimesikia unafikiria kumuuzia Bwanali wa Mkunya, mwenye lori mwenzetu, kwa kuwa anakuambia lori linalotunzwa na mwanamke halimalizi mwaka. Basi sikiliza kwa nini lori letu bado linatembea.

Babu yenu aligema mpira porini huko juu Umakondeni, enzi za Mjerumani, naye alijipaka mikono mafuta ya nyonyo ili utomvu usimgande, na mabonge yake ya mpira yalifika pwani yakiwa imara. Jirani yake alijipaka mafuta ya taa, na mabonge yake yakalainika njiani, yakanata kama ugali mbichi. Babu yenu akaniambia, "Mpira umetoka kwenye mti, una ngozi, upake kile tunachompaka mwali akitoka unyagoni." Nikayaweka hayo moyoni, hata Wazungu wa karanga kule Nachingwea walipofunga shughuli zao nikanunua lori lao hili, nikafungua breki, nikakuta ndani mna vipira. Nilicheka peke yangu kama mwehu, maana nilikuwa nasikia sauti ya baba.

Grisi nyeusi ni ya chuma: beringi za magurudumu, springi, viungo vya usukani, huko ipakeni bila choyo. Lakini kipira cha breki kikionja grisi kinavimba na kuoza, kwa hiyo kipakeni nyonyo, tena iliyochujwa kwa kitambaa safi. Sisi linatuponza neno letu, kwa kuwa ya taa tunaita mafuta, ya kupikia mafuta, ya kujipaka mafuta, na Bwanali alisimama sokoni Newala mbele ya umati akasema, "Baba Basil, unalilea lori kama mwali! Mafuta ni mafuta tu." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, nami nikaumia kwelikweli.

Mnaikumbuka siku ile ya ukame, tukiupanda mlima wa Newala na mapipa ya maji, tukamkuta Bwanali lori lake limejikita kwenye ukingo wa udongo, breki ameikanyaga imekwenda mpaka chini. Cecilia, ulipiga magoti, ukafungua, ukatoa vipira vimevimba kama uyoga, ukanusa, ukamwambia kwa adabu zako zote, "Shikamoo baba. Hii ni grisi." Ha! Marahaba yake ilitoka kwa shida siku ile. Tukamfunga mnyororo, tukamvuta mpaka sokoni, palepale aliponicheka, na wanawake waliokuwa wanangoja maji wakapiga vigelegele. Sijapata kujiona mtu mkubwa namna ile, hata siku ya harusi yangu.

Kwa hiyo lori haliuzwi. Usukani ni wa Basil, ufunguo ni wa Cecilia, na lori halitoki uani mpaka Cecilia azikague breki. Ukiona haya kumwomba dada yako ufunguo, Basil, wafikirie akina mama waliopanda nyuma na watoto wao. Vijana wa TANU wanasema Uhuru uko njiani. Ukifika nataka ulikute lori letu linapanda Newala limejaa watu wanaoimba.

Nipeni maji kidogo. Basi, yatosha.

Limebaki la Bwanali. Mtampelekea habari ya kifo changu, naye atateremka kunizika, kwani ni mtu wa watu hata kama ni mkaidi, na breki zake nazijua, bado anazipaka grisi. Cecilia, nenda Mkunya wewe mwenyewe na chupa ya nyonyo, chukua na vile vipira vipya vilivyo chini ya kitanda hiki, umfungulie breki kabla hajawasha gari. Akikataa, mwambie ni agizo la marehemu. Nataka afike mzima, asimame kaburini kwangu mbele ya watu wote, na kila mtu ajue ni mikono ya nani iliyomfikisha. Huo ndio ushindi wangu, wanangu.

Leteni... leteni mikono yenu niwabariki. Wako kwanza, Cecilia... bado unanukia nyonyo. Mungu aubariki... mkono huu, na wote watakaofika salama kwa ajili yake. Na wewe Basil, Mungu akutangulie... kila kona. Huo ufunguo, mwanangu... ulio shingoni mwako...

Mpe. Nione.