Kidevu cha Bwana Harusi

Ijumaa moja ya mwaka sabini na saba, kijiwe chetu cha kahawa cha Kwa Mathias kilipata mgonjwa. Mashaka alikuwa anaoa Mlandizi baada ya swala, basi lilikuwa njiani, na kinyozi wetu, Shomari Wembe, alikuwa amemkata kidevu katikati ya kazi. Kidonda chenyewe punje ya mchele, lakini damu haikatiki, na kanzu nyeupe iko mapajani. Nilimhurumia, ila kucheka nilicheka.

— Wembe wako butu! — Mashaka alifoka.

— Mpya, wa duka la ushirika! Wewe ndiye uliyetetemeka.

Mwenzetu Kondo tulimwita Dozi kwa aspirini alizotembea nazo mfukoni. Tangu jana yake alikuwa amempa Mashaka sita, za kutuliza woga wa ndoa. Akabandua kitambaa tulichoweka kidondani, akachungulia.

— Bado. Mtu akifurahi sana, damu hujaa mpaka shingoni.

— Basi asikitike kidogo, — nikasema.

Wembe naye akabandua, akapachika machicha ya kahawa.

— Bado. Huu ni mwezi mpevu. Unavuta bahari, utashindwa damu?

Nami nikabandua. Bado.

Ndipo akaja Sikuzani, muuguzi, kusubiri basi lilelile.

— Shikamooni. Kaka Mashaka, umemeza dawa yoyote?

— Aspirini sita.

Dozi akafunika mfuko wake kwa kiganja.

— Damu ina chembe sahani, ndogo mno, — alisema Sikuzani. — Mshipa ukichanika zinakimbilia pale, zinanata, zinashikana, zinaziba. Zikipungua, mtu anavuja ovyo. Zikishikana pasipotakiwa, zinaziba mshipa mzima. Aspirini inazipunguzia kunata. Na hizo chache zilizojitahidi, ninyi mmezibandua mara ngapi?

Akamkabidhi Mashaka kitambaa safi.

— Bana kwa nguvu. Dakika kumi, asichungulie mtu.

Mashaka akabana. Dakika ya nane Dozi akanyoosha kidole. Tukamchapa mkono, mimi na Wembe kwa pamoja.

Basi likapiga honi. Sikuzani akafunua taratibu: damu imekatika. Tulishangilia mpaka kondakta akateremka kuuliza kuna nini. Mashaka akavaa kanzu, safi, bila tone. Nilifurahi kama ninaoa mimi.

Sikuzani akamtazama tena, shavu la kulia, kisha la kushoto lenye ndevu zake zote.

— Na upande huu, nani ananyoa?

Wembe akageuza kikombe chake. Hata machicha ya kubandika yalikuwa yamekwisha.