Bi Vigingi Anaondoka Kabla ya Mavuno Yake

Ijumaa tarehe 30 mwezi huu, saa kumi jioni, Bi Vigingi atakabidhi funguo za chumba cha mizani baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupima mimea katika kituo chetu cha utafiti wa mbegu. Mahindi ya jaribio lake la mwisho yatavunwa siku kumi na tisa baadaye. Hilo ndilo linalomkosesha raha. Mimi pia silali vizuri, na sababu yangu nitaieleza.

Nimeombwa niandike mimi, dereva wa trekta, mnayeniita Mjomba. Shule niliishia darasa la sita, lakini trekta ile ya bluu nimewahi kuiendesha kilomita nne bila usukani, na walioshuhudia wote wamestaafu. Kwa hiyo kalamu hainitishi.

Bi Vigingi aliajiriwa kufagia stoo. Mwezi wake wa tatu kazini mtafiti mmoja alimkuta amepanga mahindi kwa urefu, mpini wa ufagio ndio rula yake. Akapewa utepe wa kupimia, na tangu siku hiyo hakuna bua lililorefuka hapa bila yeye kujua.

Kwa wasiotoka shambani: tunashindanisha mbegu za namna tatu. Ipo ya kuchagua, iliyotokana na mahindi bora yaliyotengwa msimu hadi msimu. Ipo chotara, ambayo wazazi wake walichunguzwa kuliko wachumba. Na ipo ya mionzi, yaani mbegu zilipigwa mionzi ili zibadilike, tukatunza zilizobadilika vizuri. Zote hupandwa katika vitalu vilivyochanganywa, kila kitalu na kigingi chenye namba tu. Orodha ya namba ipi ni mbegu ipi hukaa kwenye kabati la mtafiti mkuu, na Bi Vigingi hakutaka kabisa kuiona. Alisema akiujua mmea kwa jina, jicho lake litaanza kuupendelea. Mvua ikinyesha vizuri chotara hukimbia, ikikatika mapema ile ya kuchagua huaibisha wengi. Yeye aliandika alichokiona, akaenda kunywa chai.

Vigingi alivipigilia mwenyewe kwa nyundo ya mbao, namba ikitazama mashariki, ili asubuhi asiisome kwenye kivuli. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuvigusa.

Miaka kumi na sita iliyopita, vigingi kumi na viwili viling'oka. Nimewasimulia sana habari ya nguruwe pori, mkubwa kama meza ya mhasibu, niliyemfukuza kwa spana. Kila mwaka nguruwe yule aliongezeka kilo. Bi Vigingi alisikiliza bila kunikatiza, ila mara moja tu, akikoroga chai, aliuliza, "Mjomba, huyo nguruwe wako alisomea wapi? Maana alivirudisha vyote, tena vikitazama barabarani."

Hakukuwa na nguruwe. Nilikuwa nasafisha njia kati ya vitalu, nikakata kona kwa mbwembwe, haro, lile jembe la kulainisha udongo linalokokotwa nyuma ya trekta, ikavizoa. Nikavirudisha kwa kukisia nikijiona fundi. Asubuhi aliviona, na alama za tairi akaziona. Kwenye ripoti aliandika kwamba namba za vitalu haziaminiki, msimu ufutwe. Jina langu hakuliandika.

Mbegu moja ya mionzi ilikuwa imebakiza msimu huo mmoja ipitishwe iende kwa wakulima. Ikafungiwa kwenye chumba cha baridi. Kila kikao cha mwaka Bi Vigingi alisimama akasema yale yale: mbegu hiyo haijashindwa, haijapimwa. Wakubwa waliguna, wakapita kwenye ajenda nyingine. Mwaka huu wamechoka kumsikia, ikapandwa.

Ndiyo maana hatulii. Likizo yake ya mwisho hakuichukua. Anakwenda shambani mara nne kwa siku, anakaa, anainuka, anahesabu vigingi, anayatazama mawingu kama yana deni lake. Ameomba astaafu baada ya mavuno, ofisi ya utumishi ikamjibu kwamba fomu ya namna hiyo haipo.

Jumatatu alinikuta karakana nikibadilisha mafuta ya injini. Akaweka ile nyundo ya mbao kwenye kiti cha trekta, akasema mkuu wa kituo ameshakubali: vigingi nivilinde mimi hadi siku ya mizani. Nikamwambia kituo kimejaa vijana wenye vyeti. Akasema vijana wale hawajawahi kuharibu msimu wa mtu, kwa hiyo hawajui unavyouma.

Nikafuta mafuta mikononi, nikaichukua nyundo.

Mbegu ya mionzi sijui itatoa nini. Inaweza kuanguka vibaya mbele ya watu wote. Ila safari hii itapimwa.

Bi Vigingi, kituo kizima kinakushukuru, na mimi nakushukuru zaidi kwa jina moja ulilolinyamazia miaka kumi na sita. Tunakuombea afya, miguu iliyopumzika na asubuhi zisizo na haraka. Siku ya mavuno uje kama mgeni wetu, kiti chako kitakuwa kando ya mizani. Hadi naandika hapa, vigingi ni arobaini na vinane, nimevihesabu mara tatu leo, na vyote vinatazama mashariki.